Zigong na miaka sita kaburini: wanafunzi wa Confucius walivyoubeba msiba ambao haukuwa na taratibu

Mwaka 479 KK, mwezi wa nne kwa kalenda yao, Confucius, yule mwalimu na mwanafalsafa maarufu, alifariki huko Qufu, mji mkuu wa dola ndogo ya Lu, mashariki mwa China ambako leo ni mkoa wa Shandong. Kwa hesabu yao alikuwa na miaka 73. Mtoto wake wa kiume, Kong Li, alishatangulia miaka kadhaa nyuma, kwa hiyo msiba ukaangukia mikononi mwa wanafunzi, na hawa ni watu wazima kabisa, wengine wana vyeo, wengine hawana hata shamba. Sasa ishu ikawa hii. Hawa watu ndo mabingwa wenyewe wa taratibu za msiba, wamefundishwa miaka na miaka nani avae nini, alie muda gani, ale nini, arudi lini kazini, kila kitu kipo kwenye mpangilio, halafu amekufa mtu wanayempenda kuliko wote na wakipekua taratibu zao wanakuta hayumo. Baba yupo, mama yupo, mke, mjomba, binamu wa mbali, mpaka mtawala yupo. Mwalimu hayupo.

Hicho ndo kisa ninachotaka tukikalie leo, maana watu wakiongelea maombolezo ya Kiconfucius wanaishia kwenye ile "miaka mitatu ya kulia" na kushangaa tu, wakati hapa unaona kabisa mfiwa anavyobebwa na taratibu, inapompungukia, na watu wanavyokaa chini kuiziba wenyewe.

Kwanza ujue kwamba huu msiba haukuja peke yake. Baada ya Kong Li alikufa Yan Hui, mwanafunzi ambaye Confucius alimpenda waziwazi, na mzee alilia mpaka wenzake wakamwambia mwalimu umezidisha, naye akajibu nisipomlilia huyu nitamlilia nani. Halafu mwaka 480 KK akauawa Zilu, mwanafunzi mwingine, kwenye uasi huko dola ya Wei. Confucius alikuwa uani analia, mjumbe akafika, akaulizwa amekufaje, akasema wamemkatakata. Mzee akaagiza ile nyama ya kusaga iliyokuwa imehifadhiwa nyumbani itupwe yote. Hakuna mahali ambapo taratibu inasema tupa nyama, ni mtu tu ameshindwa kuiangalia, na aliyewahi kufiwa kwa kifo kibaya hahitaji kuelezwa.

Kwa hiyo wanafunzi wanaingia kwenye msiba wa 479 wakiwa tayari wamechoka. Na katikati yao yupo Zigong, ambaye ndo mtu wa kisa chetu. Mzaliwa wa Wei, mfanyabiashara mkubwa, tajiri, mjuzi wa kuongea na watawala, umri wake kama miaka 41. Alikuja kumwona mwalimu akiwa mgonjwa, akamkuta mlangoni anajikongoja na fimbo. Neno la kwanza mzee alilomwambia ni "Ci, mbona umechelewa hivyo?" (Ci ndo jina lake la kuzaliwa). Akamsimulia ndoto aliyoiota, amekaa katikati ya nguzo mbili, mahali ambapo watu wa utawala wa kale wa Yin walikuwa wanawekea maiti zao, akasema nadhani nakaribia kufa. Baada ya siku 7 akafa. Mimi naamini hilo "mbona umechelewa" linaeleza mengi ya yaliyofuata. Mtu akikuambia neno kama hilo halafu wiki haijaisha hayupo, unabaki nalo.

Sasa taratibu ya kawaida ilikuwaje, tuchukulie amekufa baba. Mambo haya yapo kwenye vitabu vya taratibu kama Liji, ambavyo vilikusanywa karne kadhaa baada ya Confucius, ila ndo picha kamili tuliyonayo. Mtu akikata roho tu, mmoja anapanda juu ya paa na nguo ya marehemu, anageukia kaskazini, anaita jina mara tatu, rudi! Halafu anashuka, ile nguo anafunikwa nayo maiti. Yaani kabla hujaambiwa kubali, unapewa kwanza nafasi ya kukataa, kwa sauti, hadharani, na ukishaita mara tatu na hajarudi ndo kazi ya kuosha na kuvika inaanza. Sisi msiba ukitokea mtu wa kwanza anayesema "hapana hajafa" tunamshika na kumwambia mpe Mungu, wao hiyo "hapana" wameifanya kuwa hatua ya kwanza ya shughuli. Naona kuna huruma kubwa sana hapo.

Kisha mtoto wa marehemu siku 3 hali kitu. Baada ya hapo uji tu, nafaka kiasi cha konzi asubuhi na konzi jioni. Anavaa katani ngumu isiyopindwa pindo, anahamia kwenye kibanda cha miti iliyoegemezwa ukutani, analala juu ya majani makavu na kichwa kwenye bonge la udongo. Ukiishia hapo unaona ni mateso matupu. Lakini fuatilia inavyoendelea: baada ya maziko na sala za kumtuliza marehemu anakula chakula kikavu na maji, kibanda kinarekebishwa kidogo. Mwaka ukitimia anaruhusiwa mboga na matunda, anatoka kibandani anahamia chumba cheupe kisicho na mapambo na analala kwenye mkeka. Mwaka wa pili ukitimia zinarudi siki na mchuzi wa kuungia chakula, na anarudi chumbani kwake. Mwisho kabisa pombe, na hata hapo anaanza na ile laini tamu, na nyama anaanza na kavu. Ladha inarudishwa mdomoni kidogo kidogo kwa miezi zaidi ya ishirini. Mfiwa mwenyewe hapimi kama "nimepona au bado", swali ambalo linawaua watu, yeye anajua tu kwamba mwezi huu ni wa mboga.

Na kuna vizuizi ambavyo watu hawavitaji. Ukiwa na kidonda kichwani, oga. Ukiumwa, kunywa pombe na kula nyama mpaka upone ndo urudi. Ukifika miaka 50 usijikondeshe, ukiwa na 70 vaa tu katani, mengine yote kula na ulale ndani. Kujidhoofisha kwa huzuni mpaka ukafa kulihesabiwa kuwa ni kumkosea marehemu.

Na vazi lilikuwa la ngazi tano kulingana na udugu, ya juu miaka mitatu, ya chini kabisa miezi 3. Vazi lilikuwa linaongea na mtaa mzima, kila anayekuona anajua umefiwa na nani, tangu lini, na akutendee vipi. Sasa rudi kwa wanafunzi. Hawana hilo. Huzuni yao ni ya ngazi ya juu kabisa na hakuna nguo ya kuionyesha. Ofisi nyingi mpaka leo ukiomba ruhusa ya msiba unaulizwa marehemu ni nani yako, ukisema mzazi sawa, mtoto sawa, mwenza sawa, ukisema rafiki yangu wa miaka 30 au mwalimu aliyenilea wanakutazama. Ni tatizo lile lile, na waliofiwa wa namna hii ndo wanaoumia kimyakimya kuliko wote, maana hakuna hata anayewapa pole.

Wanafunzi wakabishana. Zigong ndo akatoa jibu, na lilikuwa jibu la mtu mwenye akili sana. Akasema: mwalimu alipofiwa na Yan Hui, aliomboleza kama amefiwa na mtoto wake, ila bila vazi. Kwa Zilu akafanya vile vile. Basi na sisi tumwomboleze mwalimu kama baba, ila bila vazi.

Angalia alichofanya hapo. Hakusema taratibu hazina maana tufanye tunavyojisikia. Hakusema pia kwamba haimo kwa hiyo tusilie. Alienda kutafuta mwenendo wa marehemu mwenyewe alipokuwa mfiwa, akaugeuza. Yule mzee aliwalilia wanafunzi kama watoto, basi wanafunzi wanapata haki ya kumlilia kama baba. Wakauita msiba wa moyoni, muda wake miaka mitatu kama wa baba. Na Liji inasema walikuwa wanafunga utepe wa katani kichwani, hata wakitoka nje wanatoka nao. Vazi kamili hawana, lakini alama ipo. Mwanafunzi mmoja, Gongxi Chi, akasimamia mapambo ya jeneza, wakachanganya mitindo ya falme tatu za kale, na wakamzika kaskazini mwa mji, kando ya mto Si. Kuna mtu alitoka mpaka dola ya Yan kuja kuangalia maziko, mwanafunzi mwingine, Zixia, akamwambia ungekuwa unaangalia mtu mtakatifu anazika watu sawa, hapa ni watu tu wanamzika mtakatifu, utaona nini cha ajabu.

Hasira nayo ilipata mahali pake. Ai, mtawala wa Lu, alitoa maneno ya tanzia mazito, kwamba mbingu haikumwonea huruma, haikumwachia hata huyu mzee mmoja, amebaki peke yake na majonzi yake. Zigong akamchana: mwalimu alipokuwa hai hakumtumia, amekufa ndo anamsifu, hiyo siyo taratibu. Wafiwa wengi wanameza maneno kama hayo wakati wa kusoma risala, na yanawaozea tumboni. Zigong aliyatoa, na kilichompa nguvu ni zile zile taratibu, maana hakusema "ameniudhi", alisema amekosea utaratibu, na kwa mtawala hilo lina uzito.

Miaka mitatu yenyewe ilikuwa ni miezi 25, yaani ukiingia tu mwaka wa tatu basi (baadaye ikawekwa 27). Xunzi, mwanafalsafa wa Kiconfucius aliyeandika kama miaka mia mbili na zaidi baada ya kisa hiki, alieleza kwa nini pale pale. Anasema wapo watu aliyekufa asubuhi jioni wameshamsahau, na wapo ambao kwao miezi 25 inapita kama farasi anayekimbia ukimwona kwenye ufa wa ukuta. Ukiwafuata wa kwanza mnakuwa wabaya kuliko ndege, ukiwafuata wa pili msiba hauishi. Kwa hiyo waliotunga taratibu wakakata katikati, aliyezidisha anapunguziwa na aliyepungukiwa anavutwa. Na anasema wazi kwamba miezi 25 ikiisha, uchungu haujaisha na kumkumbuka hakujaisha, ila taratibu inakatia hapo. Hilo la mwisho naliona ni la kweli kuliko maneno mengi ninayosikia misibani. Kuanua matanga hakujawahi kumaanisha kwamba moyo umetulia.

Basi muda ukatimia. Mencius, mwanafalsafa mwingine wa Kiconfucius, anasimulia vizuri: wanafunzi wakafunga mizigo yao, wakaingia kumuaga Zigong, wakatazamana, wakalia wote mpaka sauti zikakauka, ndo wakaondoka. Kilio kile siyo cha maziko, ni cha siku ya kutawanyika. Nadhani ndo sehemu muhimu kuliko zote, kwa sababu kilichokuwa kimewashika hiyo miaka yote ni kwamba walikuwa pamoja, na siku hiyo walikuwa wanapoteza na hilo.

Na ushahidi upo kwenye yaliyowapata walipotawanyika. Huyo huyo Zixia, siku moja kabla ya hayo yote, alipotoka kwenye maombolezo alipewa kinanda cha nyuzi, akajaribu kukipatanisha kikagoma, akasema huzuni haijaisha lakini taratibu imefika mwisho, siwezi kupitiliza. Aliweza kusimama. Miaka baadaye anaishi mbali huko Xihe, mtoto wake akafa, akalia mpaka akapofuka. Zengzi, mwanafunzi mwenzake, akaja kumpa pole, akalia naye kwanza, Zixia akaanza kulalamika ee Mbingu, mimi nimekosa nini, Zengzi akamkasirikia na kumtajia makosa yake moja moja. Zixia akatupa fimbo akainama akasema nimekosa, nimekosa, nimewaacha wenzangu nikaishi peke yangu muda mrefu mno. Yule yule mtu, taratibu zile zile anazijua kichwani. Kilichokosekana ni wa kumwambia basi, sasa inatosha.

Kuna kitu kingine walijaribu, na kilifeli. Zixia na wenzake Zizhang na Ziyou waliona mwanafunzi mwenzao You Ruo anafanana na marehemu, wakataka wamkalishe wamhudumie kama walivyomhudumia Confucius, wakambana Zengzi akubali. Akakataa, akasema mwalimu ni kama kitambaa kilichofuliwa kwenye maji ya mito ya Jiang na Han kikaanikwa jua la vuli, hakuna cheupe kinachoweza kuongezewa juu yake. Kwa masimulizi ya Sima Qian, mwanahistoria wa kale wa China, You Ruo alikalishwa kweli, akaulizwa maswali ambayo marehemu angejibu, akashindwa, wakamwambia toka hapo, hicho siyo kiti chako. Namhurumia sana You Ruo. Ndo kinachotokea kwa mtoto anayepewa jina la ndugu aliyekufa na kutegemewa awe yeye, au mke wa pili anayelinganishwa kila siku na picha ya ukutani.

Sasa nisiwafiche upande mwingine, maana taratibu hizi zilikuwa na gharama na wapo waliosema mapema. Zai Wo, mwanafunzi wa ndani kabisa, alimwambia Confucius usoni kwamba mwaka mmoja unatosha, nafaka ya zamani imeisha mpya imeota, na miaka mitatu bila muziki muziki unakufa. Confucius akamuuliza utakula wali na kuvaa hariri ukajisikia sawa? Akasema ndiyo. Basi fanya. Alipotoka, mzee akasema huyu hana utu, kwani hakubebwa na wazazi wake miaka mitatu kabla hajaweza kushuka mikononi? Mimi hapo Zai Wo namwelewa, hakuwa mtu mbaya, aliuliza swali halali, na baadaye Mozi, mwanafalsafa aliyewapinga Waconfucius, akalisukuma zaidi kwamba maombolezo marefu yanafilisi watu na kusimamisha kazi. Kwa maskini hiyo ni kweli kabisa, anayeweza kukaa kibandani miezi 25 ni yule mwenye wa kumlimia.

Na usawa haukuwepo. Mke alimlilia mume miaka mitatu, mume akamlilia mke mwaka mmoja. Mama akifa na baba yupo hai, mtoto anavaa mwaka mmoja tu, ndo mwaka 674 malkia Wu Zetian akapendekeza mama naye apewe mitatu hata baba akiwa hai, na kuja kulinganishwa kabisa kwa vazi la daraja moja na la baba ilikuwa mpaka mwaka 1374 chini ya mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming, baada ya kufiwa na mmoja wa wake zake. Karne na karne watoto wanaambiwa huzuni ya mama yao iishie nusu. Hilo sitalitetea, ni taratibu ile ile ya kukata, imekata mahali pasipostahili.

Turudi kwa Zigong, maana hakuondoka. Baada ya kuwaaga wenzake alirudi kaburini, akajenga chumba pale uwanjani, akakaa peke yake miaka mitatu mingine. Jumla sita. Je, huyu amekwama? Kwa kipimo cha Xunzi amepitiliza, na ungetegemea yampate ya Zixia. Mimi naona hapana, kwa sababu kadhaa. Alimaliza kwanza ile ya wote, akaaga, akawaachia wenzake waende bila kuwafanya waonekane hawana upendo, hakuna mahali anamlaumu hata mmoja kwa kuondoka. Alichoongeza kilikuwa na ukomo ule ule wa miaka mitatu, na ulipofika alifunga mizigo akaenda kwao, hakuanza awamu ya tatu. Na hata huko kaburini hakuwa porini, wanafunzi na watu wa Lu waliohamia kando ya kaburi walipita kaya mia moja, kikawa kijiji kinaitwa kijiji cha Kong. Ukienda Qufu leo, kwenye makaburi ya ukoo wa Kong ambayo UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1994, upande wa magharibi wa kaburi kuna kijumba cha kumbukumbu ya pale alipokaa. Nadhani pia alikuwa na deni lake binafsi, lile la kuchelewa, na taratibu ya wote haikuwa imeandikwa kwa ajili ya deni la mtu mmoja. Akaitumia tena ile ile, peke yake, mara moja.

Kuhusu hali yake baada ya yote hayo, tunaye kwenye kitabu cha Mazungumzo ya Confucius akijibu watu. Kiongozi mmoja wa Lu anamponda marehemu, Zigong anamwambia usijisumbue, watu wengine wema ni vilima unaweza kupanda, yeye ni jua na mwezi. Mwingine anamwambia wewe unamzidi mwalimu wako, anamkatalia kwa utulivu. Hatetemeki, halii, anaongea kama mtu mwenye kazi ya kufanya. Alishika madaraka Lu na Wei, akaendelea kuwa tajiri, misafara yake ya farasi ikipokelewa na watawala, na Sima Qian anaandika kwamba jina la Confucius kuenea kila mahali ni kwa sababu Zigong alikuwa mbele na nyuma yake. Alifia dola ya Qi.